Risasi za Sinema na Risasi za Kweli

Siku hizi vijiji vingi vina kibanda cha video. Jioni ikifika, jenereta linanguruma au sola inawashwa, watu wanalipa kiingilio, wanabanana kwenye mabenchi na picha inaanza. Mara nyingi ni picha ya mapigano kutoka Marekani, ambayo mtu ameitilia maneno ya Kiswahili juu yake. Stelingi anaingia na bunduki. Adui wako hamsini, yeye yuko peke yake. Wote hamsini wanaanguka, na yeye anatoka na mkwaruzo wa begani tu.

Je, bunduki hufanya hivyo kweli? Hilo ndilo somo letu la leo. Hatufundishi kupiga bunduki. Tunataka mtu anayetazama picha ajue kipi ni cha kweli na kipi kimewekwa ili kufurahisha macho. Yapo mambo ambayo ukiyaamini hupati hasara. Yapo mengine yanayoweza kuua mtu.

Tuanze na kuhesabu, maana kuhesabu tulikwisha kujifunza.

Bastola yenye duara linalozunguka kwa kawaida huingia risasi 6. Bunduki ya AK-47 ina magazini ya risasi 30. (Magazini hapa si lile la kusoma! Ni kasha linaloshika risasi, linalochomekwa chini ya bunduki.) AK-47 hutema risasi kwa mwendo wa 600 kwa dakika. Gawanya kwa 60, utapata 10 kwa sekunde. Kwa hiyo mtu akibana kifyatuo bila kuachia, risasi zote 30 zinakwisha kwa sekunde 3. Hebu hesabu kwa mdomo: moja, mbili, tatu. Kwisha. Sasa mtazame stelingi wako. Anamimina risasi mpaka wewe umemaliza karanga zako, na hajabadilisha magazini hata mara moja. Angetaka kupiga hivyo kweli, angehitaji mtu wa kumbebea mzigo nyuma yake, kwa sababu magazini moja ya chuma iliyojaa ina uzito wa karibu gramu 800.

Katika picha ya pili ya Rambo, ya mwaka 1985, tunamwona Sylvester Stallone akipiga bunduki kubwa iitwayo M60 bila kuilaza begani. Bunduki hiyo ina uzito wa karibu kilo 10 na nusu. Ni kama nusu ya ndoo ya maji ya lita 20, na mkanda wa risasi bado hatujauhesabu. Imetengenezwa kuwekwa chini juu ya miguu yake miwili, na mpigaji alale nyuma yake. Wewe uliyepita mafunzo ya mgambo unajua: kitako begani, jicho moja juu ya mtutu, pumzi imetulia. Anayepiga kutoka kiunoni halengi, anamwaga tu.

Sasa tuje kwenye jambo linalopendwa sana na vijana kibandani. Mtu anapigwa risasi, anaruka nyuma mita tatu, anavunja dirisha. Watu wanapiga makofi. Je, inawezekana?

Aliyewahi kupiga gobore anajua kwamba linasukuma bega. Kwa nini? Kwa sababu nguvu inayoipeleka risasi mbele ndiyo hiyo hiyo inayoisukuma bunduki nyuma. Mwingereza Isaac Newton aliiandika kanuni hiyo mwaka 1687. Basi fikiri mwenyewe: kama risasi ingekuwa na nguvu ya kumrusha anayepigwa, ingemrusha na anayepiga. Wote wawili wangeruka, mmoja huku na mwingine kule!

Twende na hesabu. Risasi ya AK-47 ina uzito wa karibu gramu 8, na hutoka kwa kasi ya karibu mita 715 kwa sekunde. Ikimwingia mtu wa kilo 70 na kubaki ndani, msukumo wake unaweza kumsogeza kwa kasi ya sentimita 8 kwa sekunde. Hiyo ni kama upana wa kiganja. Yule wa kwenye picha amefungwa mkanda chini ya shati, na kamba inamvuta. Mtu aliyepigwa kweli huanguka palepale aliposimama, au huendelea kukimbia bila kujua kwamba amepigwa. Risasi haiui kwa kusukuma. Inaua kwa kupasua mishipa, mapafu na moyo.

Na hapa ndipo sinema inapodanganya vibaya. Stelingi anapigwa begani, anakunja uso kidogo, anafunga kitambaa, anaendelea na kazi. Kumbe chini ya mfupa wa mtulinga, karibu na bega, unapita mshipa mkubwa wa damu pamoja na mishipa ya fahamu ya mkono. Pajani pia upo mshipa mkubwa, na ukikatika mtu anaweza kufa kwa kuvuja damu katika dakika chache. Kisha rafiki yake anachemsha kisu na kuitoa risasi, mgonjwa anapona! Jamani, asijaribu mtu. Kuchokoa kidonda kunaongeza kuvuja damu na kuingiza uchafu. Mara nyingi hata madaktari huiacha risasi mwilini, maana kuitafuta kungeumiza zaidi. Kinachotakiwa ni kukandamiza kidonda kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kuachia, huku mgonjwa akikimbizwa hospitali.

Uongo mwingine wa hatari ni mlango wa gari. Askari wa sinema anafungua mlango, anajificha nyuma yake, na risasi zinalia ting! ting! Lakini mlango wa gari la kawaida ni bati jembamba, na risasi ya bunduki ya kivita hupenya. Panapoweza kuizuia ni kwenye injini. Ukuta wa bati au wa mbao hauzuii pia. Ikisikika milio ya risasi karibu, lala chini kwanza, uwalaze na watoto. Kutoka nje kwenda kutazama, kama tulivyozoea kutazama kibandani, ni kujitafutia kifo.

Kile kiwambo cha kuzuia sauti, kinachofanya bastola ilie "pfyu" kama mtu anayetema kokwa ya zambarau, nacho kimetiwa chumvi. Mlio wa bunduki hufika karibu desibeli 160 (desibeli ni kipimo cha sauti). Kiwambo hupunguza 20 mpaka 35 hivi. Unaobaki bado ni mlio wa kuamsha nyumba nzima. Tena risasi iendayo kasi kuliko sauti hupasua hewa na kulia yenyewe njiani, na mlio huo kiwambo hakiugusi.

Lakini tusiseme kila kitu ni uongo. Wale adui hamsini wanaokosa shabaha, wamekaribia ukweli kuliko stelingi asiyekosa. Shirika la utafiti la RAND la Marekani lilitoa taarifa mwaka 2008 kuhusu polisi wa mji wa New York. Ilionekana kwamba kati ya mwaka 1998 na 2006, polisi hao walipokuwa wakirushiana risasi na wahalifu, risasi zilizopata shabaha zilikuwa karibu 18 katika kila 100. Hao ni watu waliofunzwa! Moyo unadunda, mikono inatetemeka, shabaha inakimbia. Tarehe 28 Februari 1997, majambazi wawili walivamia benki North Hollywood, mjini Los Angeles. Wao na polisi walirushiana risasi zaidi ya 1,000. Watu wengi walijeruhiwa, lakini waliokufa ni majambazi hao wawili tu.

Picha moja inayosifiwa na wanaojua silaha ni Heat, ya mwaka 1995, iliyoongozwa na Michael Mann. Wachezaji walifundishwa kwanza, na mmoja wa waliowafundisha ni Andy McNab, aliyekuwa askari wa kikosi maalumu cha Uingereza. Katika picha hiyo risasi zinakwisha na watu wanabadilisha magazini. Milio yake ilinaswa palepale barabarani, ikigonga kuta za maghorofa na kurudi. Ndiyo maana inatisha.

Sasa utauliza: kama ni mchezo tu, bunduki yenyewe ni ya kweli? Mara nyingi imekuwa ya kweli, na ndani yake zikawekwa risasi baridi. Risasi baridi ina ganda, baruti na fataki ya kuiwasha, lakini haina kichwa cha risasi. Inatoa moto na mlio. Wengi hudhani haiwezi kudhuru. Mwaka 1984 kijana Mmarekani, mcheza filamu Jon-Erik Hexum, aliweka bastola yenye risasi baridi kwenye paji la upande wa kichwa chake, akafyatua kwa utani. Nguvu ya baruti ilivunja fuvu lake. Akafa baada ya siku chache, akiwa na umri wa miaka 26.

Wengi wenu mnamfahamu Bruce Lee. Mwanawe, Brandon Lee, alikufa tarehe 31 Machi 1993 akipigwa picha ya The Crow huko Wilmington, Marekani. Kabla ya siku hiyo, bastola ilikuwa imetiwa risasi za maonyesho. Hizo zina kichwa lakini zimetolewa baruti. Fataki ilikuwa imeachwa ndani. Ilipowaka, ikakisukuma kichwa kidogo tu, kikakwama ndani ya mtutu. Hakuna aliyechungulia. Baadaye wakatia risasi baridi katika bastola ileile. Baruti yake ikakitoa kile kichwa kilichokwama, kikampata tumboni. Kamera zilikuwa zikipiga picha, na watu wakadhani anaigiza.

Tarehe 21 Oktoba 2021, katika jimbo la New Mexico, mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa wakati wa kutayarisha picha ya Rust. Katika bastola ya mchezo mlikuwa na risasi ya moto. Mwaka 2024 mtunza silaha wa picha hiyo alihukumiwa kifungo cha miezi 18.

HESABU YA NYUMBANI

1. Bunduki M60 hutema risasi 550 kwa dakika. Mkanda wa risasi 100 utakwisha kwa sekunde ngapi?

2. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Risasi ya AK-47 hutoka kwa kasi ya mita 715 kwa sekunde. Kipi kitamfikia kwanza mtu aliye mita 100: risasi au mlio wa bunduki?

3. Ukienda kibandani wiki hii, chukua kalamu. Hesabu risasi za bastola ya stelingi kabla hajaweka nyingine. Ukizidi 6 katika bastola ya duara, mwonyeshe jirani yako.