Vidonge vya Damu na ARV: Zingatia Saa

Mama mjamzito anayeishi na VVU hutoka kliniki na dawa za aina mbili: ARV, ambazo kwa wengi siku hizi ni kidonge kimoja cha TLD kwa siku, na vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma. Zote anazihitaji. Hatari ni kuzimeza kwa mkupuo asubuhi, tumbo likiwa tupu.

Ndani ya TLD mna dolutegravir. Ikikutana tumboni na chuma, kalsiamu, zinki, magnesi au alumini, hushikamana na madini hayo, na utumbo hushindwa kuifyonza vizuri. Sehemu kubwa hutoka chooni. Umemeza kila siku bila kukosa, lakini dawa iliyofika kwenye damu ni pungufu. Hapo kirusi hupata mwanya wa kuzaliana, na mtoto unayemkinga anabaki hatarini.

Ukitaka kuzimeza pamoja, zimeze na mlo, si chai kavu. Ukiwa hujala, tanguliza TLD, vidonge vya damu vifuate baada ya saa mbili au zaidi. Ukitanguliza vya damu, subiri saa sita zipite ndipo umeze TLD. Wengi huona rahisi kumeza TLD saa moja asubuhi na vya damu saa nane mchana. Vya damu vishushie kwa maji, maana chai huzuia chuma kufyonzwa.

Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini, vile vidonge vyeupe vya kutafuna ambavyo jirani hukugawia mimba ikikua, zinahitaji uangalifu zaidi. Kwa hizi hata chakula hakisaidii. Meza TLD saa mbili kabla yake au saa sita baada yake.

Mtoto anayetumia dolutegravir akiharisha na kupewa zinki, mwambie mhudumu ili akupangie saa. Antibiotiki kama cipro na doksisaiklini nazo hushikwa na madini vivyo hivyo.

Wapo wanaomeza zote haraka haraka kwa sababu hawataki mtu wa nyumbani azione. Hilo lina uzito wake, na muuguzi wa kliniki ya VVU (CTC) analielewa. Mweleze, mpange pamoja saa inayokufaa. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Siku ya kliniki beba vidonge vyote unavyotumia, hata vya dukani, umwombe akuandikie saa kwenye kila pakiti.