SOMO LETU: MBEGU INAYOMUUA MDUDU

Wanachama wapenzi,

Swali hili limeulizwa mikutanoni zaidi ya mara moja: je, ni kweli kuna mbegu yenye dawa ndani kwa ndani, hata mdudu akila jani lake hufa? Ni kweli. Lakini khabari hii ina pande mbili, na asiyeujua upande wa pili huweza kupata hasara.

1. DAWA YENYEWE. Udongoni mna bakteria mmoja, kijidudu kisichoonekana kwa macho. Mwaka 1901 Mjapani Shigetane Ishiwata alimkuta akiua viwavi wa hariri. Na mwaka 1911 Mjerumani Ernst Berliner alimkuta katika nondo wa unga. Bakteria huyu hutengeneza protini. Kiwavi akiila, huyeyuka tumboni mwake, kwani tumbo la kiwavi lina ukali wa magadi. Kisha hushika ukuta wa utumbo na kuutoboa. Kiwavi huacha kula, na baada ya siku chache hufa. Tumbo la binadamu lina ukali wa ndimu, si wa magadi, na utumbo wetu hauna mahali pa protini hiyo kushika.

2. JINSI ILIVYOTIWA MMEANI. Kila kiumbe kina jeni, nazo ndizo maagizo ya namna mwili wake utakavyokuwa. Wataalamu wa mji wa Ghent, Ubelgiji, walitwaa jeni ya bakteria huyo wakaitia katika mtumbaku, na mwaka 1987 wakatangaza kuwa mtumbaku huo hujitengenezea dawa wenyewe. Pamba ya namna hiyo ilianza kulimwa Marekani mwaka 1996, India mwaka 2002, na jirani zetu wa Kenya waliiruhusu mwisho wa 2019. Mkulima hupumzika na bomba la dawa kwa viwavi wale. Lakini wadudu wafyonzao utomvu haiwagusi.

3. FUNGU LA MDUDU. Hapa ndipo penye somo. Katika maelfu ya wadudu huenda akawamo mmoja aliyezaliwa na kinga. Shamba zima likiwa la mbegu hiyo, wengine hufa, hubaki yeye na mfano wake. Wakizaana, watoto hurithi kinga. Kwa hivyo mkulima hutakiwa apande kando fungu la mbegu ya kawaida, wadudu waishi humo. Mwenye kinga akitafuta mwenzi, atawakuta wengi wasio na kinga, na watoto wao aghlabu hufa wakila mmea wenye dawa.

Kule India pakiti ya gramu 450 iliuzwa pamoja na gramu 120 za mbegu ya kawaida. Wengi hawakuipanda, wakiona ni kumlimia mdudu. Mwaka 2010 ikatangazwa kuwa katika jimbo la Gujarat funza mwekundu wa pamba ameishinda dawa. Hata mbegu ya jeni mbili baadaye aliishinda. Wakulima wa Arizona, Marekani, walilitunza fungu lile kwa miaka kumi. Kisha, tangu 2006, wakaachiliwa nondo waliohasiwa, kama walivyoachiliwa mbung'o hapa Unguja katika miaka ya 1990. Mwaka 2018 Marekani ilitangaza kuwa funza huyo amekwisha katika mashamba yake ya pamba.

4. SISI JE? Mkarafuu wa namna hiyo haumo mashambani mwetu. Pamba hupandwa kila mwaka, mbegu ikishindwa hubadilishwa. Mkarafuu hupandwa na baba, akachuma mjukuu. Lakini wengi wetu hulima pia mahindi na mboga. Basi akija muuzaji na mbegu "isiyoliwa na wadudu", tumwulize haya kabla ya kutoa fedha:

(a) Inaua mdudu gani, na yupi haiui?
(b) Fungu la mbegu ya kawaida ni kiasi gani, na liko wapi?
(c) Mwakani tutapanda mbegu tuliyoiweka wenyewe, au tutanunua tena?

Hata dawa ya bomba ina kanuni hiyo hiyo: dawa moja msimu baada ya msimu huwabakiza wenye kinga. Tubadilishe dawa kwa shauri la Bwana Shamba, na tusipige pasipo na haja.

Matawi yalizungumze somo hili, na majibu yaletwe afisini.

Wenu,
Katibu