Rangi Kuukuu Ukutani: Jinsi ya Kuikwangua Bila Kudhuru Familia

Sikukuu zikikaribia, familia nyingi hukarabati nyumba. Fundi hupiga ukuta msasa, vumbi hutanda, na watoto wako papo hapo wakicheza. Ikiwa nyumba ni ya zamani, vumbi hilo huenda lina madini ya risasi.

Kwa miaka mingi madini hayo yalitiwa kwenye rangi, hasa ya mafuta, ili ikauke haraka na kudumu. Leo kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini ni sehemu 90 kwa kila sehemu milioni moja za rangi. Hata hivyo, rangi iliyopakwa zamani ingali kwenye milango, madirisha na vyuma.

Kwa nini ni hatari?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto hutambaa kwenye vumbi, kisha hutia vidole mdomoni. Sumu hiyo hudhuru ubongo unaokua na kupunguza uwezo wa kujifunza, mara nyingi bila dalili za mapema. Kwa mjamzito, humfikia mtoto tumboni.

Kabla na wakati wa kazi

1. Rangi ambayo haijabanduka isikwanguliwe. Safisha, kisha paka mpya juu yake.
2. Watoto na wajawazito wakae kwingine hadi usafi ukamilike.
3. Ondoa vyombo, tandaza nailoni nzito sakafuni na ufunge mlango.
4. Lowesha rangi kabla ya kuikwangua. Usipige msasa pakavu wala kuichoma kwa moto.
5. Fundi avae barakoa ya kuzuia vumbi laini; ya kitambaa haitoshi. Aoge na kubadilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto.
6. Usifagie. Pangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Mabaki yafungwe kwenye mfuko. Yasichomwe wala kumwagwa shambani.

Unaponunua rangi mpya, hakikisha mkebe una alama ya ubora ya KEBS na maandishi kwamba haina risasi.

Je, mtoto tayari amekaa kwenye vumbi hilo? Mpeleke hospitalini, umweleze daktari kuhusu ukarabati na uulizie kipimo cha damu. WHO inashauri kwamba kipimo kikifika mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Usisubiri augue.