Muktadha wa Dondoo: Funzo kutoka Sauti ya Kenya

Swali la "Eleza muktadha wa dondoo hili (alama 4)" huwaponza watahiniwa wengi. Wengine husimulia kitabu kizima. Wengine humhukumu msemaji kabla ya kueleza hali aliyokuwamo. Tutumie tukio la kweli kujifunza.

Usuli

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, redio ya serikali ya kikoloni ilipanuka. Katika miaka ya 1950 vituo vilifunguliwa Mombasa, Nyeri na Kisumu. Mwaka wa 1964 serikali huru iliitaifisha redio hiyo, ikaitwa Sauti ya Kenya. Mwaka wa 1982 nchi haikuwa na redio nyingine. Mzee aliyekuwa akichuma majani chai katika wilaya ya Kisii, iliyojumuisha Nyamira ya leo, alisikia sauti ya mtangazaji tu. Hakumwona mhariri aliyeandika taarifa wala fundi mitambo nyuma ya kioo. Kumbuka hili: mtangazaji wa habari aghalabu husoma maneno yaliyoandikwa na mwingine.

Tukio

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi waasi wa jeshi la anga walimtoa Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake, wakampeleka studioni Nairobi. Huko alilazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyohiyo wanajeshi watiifu walikikomboa kituo. Mbotela akatangaza tena, safari hii kwamba serikali ya Rais Moi ingali madarakani.

Sauti ni ile ile, maneno yanapingana. Je, Mbotela alikuwa kigeugeu? Tazama muktadha wa tangazo la kwanza:

1. Msemaji: Mbotela, mtangazaji wa Sauti ya Kenya.
2. Msemewa: wananchi waliokuwa wakisikiliza redio.
3. Mahali: studioni, Nairobi.
4. Sababu: waasi walimshurutisha ili umma uamini kuwa wameshika nchi.

Hoja nne, alama nne. Ukiiacha ya nne, unapoteza alama moja. Zaidi ya hayo, unamwita mateka msaliti.

Tanbihi ya mtahini

Usiandike "alikuwa redioni" ukadhani umetaja mahali na sababu. Kila hoja ijitegemee. Pia, swali likikuuliza sifa za msemaji, usizitoe katika kauli moja aliyoitamka kwa shuruti. Tafuta matendo yake kwingineko kitabuni.

Zoezi

(a) Katika tamthilia unayoisoma, tafuta kauli ambayo mhusika anaitoa kwa hofu au kwa kutumwa. Eleza muktadha wake. (alama 4)
(b) Mhusika huyo angesema nini iwapo angekuwa huru? Thibitisha kwa matendo yake. (alama 6)
(c) Ukienda likizo, mwulize babu au nyanya yako alisikia nini redioni siku ile, na nani aliyekuwa karibu naye. Andika majibu yake kwa hoja nne zilizo hapo juu.