Chumvi, Pilipili na Tunda Lililokatwa: Somo la Buseresere

Buseresere ni mji mdogo wa wilaya ya Chato, mkoani Geita, uliopakana na Katoro kiasi kwamba mgeni hatambui upi umeishia wapi. Barabara kuu itokayo Geita kwenda Biharamulo na Bukoba hupita hapo. Penye magari ya abiria na wachimbaji wadogo wa dhahabu hapakosi mchuuzi wa matunda: nanasi lililomenywa, vipande vya tikiti maji na papai, embe bichi, tango lililopasuliwa kwa urefu. Mnunuzi huulizwa, "Nikutilie pilipili?" Mara nyingi chumvi haiulizwi, kwa kuwa imekwisha kuchanganywa na pilipili ndani ya kopo moja.

Makala haya yanahusu kopo hilo. Hayakusudii kumfukuza mchuuzi barabarani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na kwa mtu aliyetoka shimoni au aliyeshinda safarini, mchuuzi huyo huenda ndiye chanzo pekee cha tunda siku hiyo.

Tuanze na chumvi. Tunda lenyewe halina sodiamu ya kutajika: gramu 100 za nanasi au embe zina takriban miligramu 1 tu. Lina potasiamu kwa wingi zaidi, madini yanayosaidia figo kutoa sodiamu na hivyo kushusha shinikizo la damu. Ndiyo sababu mgonjwa wa shinikizo la damu, ambaye figo zake ni nzima, huhimizwa kula matunda. Anapolinyunyizia chumvi, faida hiyo hupungua au hutoweka. Kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na humo imo chumvi ya ugali wa dagaa, ya maharage na ya chipsi. Nafasi inayobaki kwa tango la barabarani ni finyu.

Hapa pana jambo linalowahusu wahudumu wa kliniki moja kwa moja. Mgonjwa akiulizwa, "Je, unaongeza chumvi mezani?" atajibu kwa ukweli kabisa kwamba haongezi. Kwake, tango na embe si chakula cha mezani. Ni kitu cha kutafuna njiani. Muuguzi ataandika kuwa mgonjwa amezingatia ushauri, shinikizo litabaki juu, na daktari ataongeza dawa. Swali lililo bora ni hili: "Matunda unayala wapi, na unayala na nini?" Majibu yake yaandikwe kwenye faili kama vile dawa zinavyoandikwa.

Jambo la pili ni imani iliyoenea kwamba chumvi na pilipili huua wadudu waliomo katika tunda. Chumvi huhifadhi chakula inapokuwa nyingi sana, kama katika samaki wa ng'onda. Ile inayonyunyizwa juu ya kipande cha tunda haifikii kiasi hicho. Bakteria wa kipindupindu, zaidi ya hayo, huishi vizuri kwenye maji yenye chumvi kiasi. Sodiamu ni hitaji lao. Kisha chumvi huvuta maji kutoka ndani ya tunda, na ule umajimaji mtamu unaokusanyika chini ya beseni ni mahali pazuri pa kuzaliana bakteria. Pilipili nayo huwasha ulimi wa mlaji tu, wala kwa kiasi hicho si dawa ya kutegemewa dhidi ya vimelea.

Uchachu ni habari nyingine. Uchunguzi uliofanyika Guinea-Bissau wakati wa milipuko ya kipindupindu ya miaka ya 1990 ulionyesha kuwa watu waliokula wali wenye mchuzi uliotiwa maji ya ndimu walipatwa na ugonjwa huo kwa nadra zaidi. Kwa hiyo, ikiwa lazima tunda litiwe kiungo, ndimu iliyokamuliwa papo hapo ni bora kuliko kopo la chumvi, ingawa haiwezi kuchukua nafasi ya maji safi. Kwa sababu hiyohiyo matunda hayalingani kwa hatari. Nanasi na embe bichi ni machachu, na bakteria wengi hukua humo kwa shida. Tikiti maji, papai na tango hayana uchachu wa kutosha. Yakikatwa na kuachwa juani, salmonela huongezeka haraka. Yakatwe mnunuzi anapofika, na kilichokaa zaidi ya saa 2 kwenye joto kisiliwe. Maganda yaoshwe kabla ya kisu kupita, hata ya tikiti ambayo hakuna anayeyala, kwani kisu huingiza ndani uchafu wa nje.

Wapo ambao kwao hatari hiyo ni kubwa zaidi. Asidi ya tumboni ni kinga yetu ya kwanza dhidi ya kipindupindu na salmonela. Anayemeza omeprazoli kila siku kwa ajili ya vidonda vya tumbo ameipunguza kinga hiyo, na ni vema aambiwe hivyo anapokabidhiwa dawa. Mwenye selimundu, ugonjwa ulio wa kawaida katika Kanda ya Ziwa, anaweza kupata salmonela ya mifupa. Anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka anaweza kuipata katika damu. Wagonjwa hawa wale tunda zima waliloliosha na kulimenya wenyewe.

Mjamzito anayetamani embe bichi asikaripiwe. Vitamini C ya embe husaidia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka katika mboga na maharage. Aulizwe kama anakula pia udongo, kwa kuwa hamu hiyo huambatana na upungufu wa damu; kisha hemoglobini yake ipimwe, pamoja na shinikizo la damu kama kila hudhurio.

Kwa mchuuzi, badiliko jepesi kuliko yote ni kutenganisha makopo: chumvi peke yake, pilipili peke yake, na mteja ajichagulie. Pilipili ya unga ihifadhiwe pakavu, maana ikipata unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu hutoa sumu isiyoonekana wala kuondoka kwa kupikwa.

Mtu akianza kuharisha majimaji baada ya kula matunda hayo, apewe mara moja maji ya ORS, pakiti iliyokusudiwa lita 1 ikiyeyushwa katika lita 1 kamili ya maji salama, huku akipelekwa kituoni. Mtoto mwenye zaidi ya miezi 6 na chini ya miaka 5 huongezewa zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14. Aliye chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10. Kinyesi kikiwa kama maji ya mchele, mhudumu atoe taarifa ya kipindupindu siku hiyohiyo, na katika historia ya mgonjwa aandike pia alikula tunda gani na wapi.