Klarineti imechujuka: nichovye upya?

Swali: Vibonyezo vya klarineti yangu vimechujuka hadi manjano inatokeza, na vingine vinacheza. Nivichovye fedha upya?

Jibu: Anza na vinavyocheza. Fundi hukibana kijibomba cha kibonyezo kwenye ekseli yake hadi ulegevu uishe. Kuchovya hakutibu ulegevu wala hakubadilishi sauti. Manjano hiyo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki; jasho limekula ganda la juu. Kabla ya kuchovya, pedi na springi zote hutolewa na metali husuguliwa, kwani fedha haifichi mikwaruzo. Ukifikiria kuchovya nikeli badala ya fedha, nikeli ni ngumu zaidi, ila wengine huwashwa nayo ngozi. Fedha mfukoni zikiwa chache, badilisha kwanza pedi zinazovuja. Na kila umalizapo kupuliza, futa jasho.