Maji Katika Ngama: Yaingilia Wapi?

Mkulima aliyepata shamba karibu na hori, upande wa Likoni, Kisauni au Changamwe, huenda siku moja akanunua mashua ndogo ili avue samaki au avushe nazi na mihogo yake. Ikiwa alizaliwa mbali na pwani, jambo la kwanza litakalomshangaza ni maji atakayoyakuta ndani asubuhi, hali jana aliiacha mashua kavu. Mahali yanapokusanyika, chini kabisa juu ya mkuku, panaitwa ngama. Kuyatoa kwa upo ni kazi rahisi, na hapo ndipo wengi wanapokosea: huyafua kila siku, mwaka mzima, bila kuuliza yaingilia wapi.

Tufanye hesabu kidogo. Debe moja huchukua galani 4, yaani lita 18, na uzito wake ni kama kilo 18. Madebe 10 ni kilo 180, sawa na magunia mawili ya mahindi ya kilo 90. Lakini gunia hukaa pale ulipoliweka. Maji hukimbilia upande ulioinama, na mashua iliyopigwa na wimbi huzidi kuinama badala ya kurudi. Mkiwa watu wanne na watoto wawili katikati ya hori la Tudor, huo si wakati wa kutafuta tundu.

Basi anza siku ya utulivu, mashua ikiwa imefungwa na haina mzigo. Ondoa mbao za kukanyagia, fua maji yote, kisha pangusa kwa tambara mpaka ngama iwe kavu. Keti ungoje. Maji yakianza kuchuruzika, chovya kidole uyaonje. Yakiwa ya chumvi ni ya bahari. Yakiwa matamu, pengine ni mvua iliyoingia kwa juu. Lakini jihadhari: wakati wa masika mito ya Kombeni na Tsalu huleta maji matamu mengi katika hori la Tudor, na mto Mwache hufanya vivyo hivyo Port Reitz. Kwa hiyo onja kwanza maji ya nje, ndipo ulinganishe.

Jambo la pili ni kujua kwamba mahali unapoyaona maji sipo yalipoingilia. Niliwahi kumwona mwenye mashua aliyeshindilia pamba katika omo kwa juma zima, kwa sababu maji aliyaona huko. Kumbe mashua ilifungwa imeinamia mbele, na tundu la msumari lilikuwa nyuma karibu na usukani. Dawa yake ni udongo wa mfinyanzi. Ziba kwa udongo huo vile vitundu vya kupitishia maji chini ya mataruma, ili ngama igawanyike vyumba vyumba. Chumba kitakachojaa kwanza ndicho chenye ubovu.

Ikiwa mashua hukaa kavu ikifungwa lakini huvuja ikipakiwa, tazama mbao za juu zilizokaushwa na jua. Ikivuja wakati wa kwenda tu, tazama usukani, omo, na mahali mlingoti unaposimama, kwa maana hapo mbao huvutwa na kusukumwa.

Bado hujaona? Ngoja bamvua, wakati wa mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Siku hizo maji ya Mombasa hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, nawe utapata mwanga wa kutosha. Iache mashua ipwelewe juu ya mchanga, iegemeze vizuri kwa magogo, uipanguse nje mpaka ikauke. Kisha tia ndani maji ya bahari, madebe machache tu, maana ukiijaza utazilegeza mbao kwa uzito. Usitie maji ya kisima; maji matamu huozesha mbao. Sasa zunguka nje polepole. Maji yatatoka palepale yanapoingilia, tone kwa tone, nawe utie alama ya mkaa. Gonga pia mbao kwa mpini wa kisu. Mlio wa uwazi ni dalili ya yule mdudu wa baharini atobozaye mbao: mlango wake nje ni mdogo kama ncha ya sindano, lakini ndani amekwisha kula pakubwa. Ubao wa namna hiyo hauponi kwa pamba. Mwite fundi aubadilishe.

Palipo na mwanya wa kawaida, toa pamba ya zamani yote, tia mpya iliyolowa mafuta kwa patasi butu, kisha paka deheni. Lakini mashua iliyokaa juani majuma kadhaa usiikimbilie kwa nyundo. Mbao zimesinyaa, na ukizishindilia pamba hali ni kavu, zitakapovimba zitasukumana na kung'oa misumari. Iweke kwanza majini siku moja au mbili, karibu na ufuo, ukifua maji. Mianya mingi itajifunga yenyewe. Mitepe ya zamani ya Lamu, iliyoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, ilivuja siku zote, na mabaharia wake walifua maji safari nzima; mashua ya misumari haina udhuru huo.

Ukiisha kutengeneza, chora mstari wa mkaa juu ya taruma moja, ngama ikiwa kavu. Tazama baada ya maji kujaa na kupwa mara moja, halafu mara ya pili, kabla hujapakia nazi hata moja.